Kisukari baada ya kupandikizwa figo: sindano, vidonge, au kubadilisha dawa za kinga?

Figo mpya inafanya kazi, dayalisisi umeiaga, halafu daktari anakuambia sukari imepanda. Wengi huiona kama kutozwa nauli mara mbili kwa safari ile ile. Ushauri nao huja kutoka kila upande: kliniki ya figo inataka sindano, kliniki ya kisukari inataja vidonge, na shangazi aliyeishi na kisukari miaka mingi anasema meza metformini kama yeye, mbona imemfikisha hapa alipo.

Shangazi hadanganyi. Ila kisukari chake na chako havikuingilia mlango mmoja, na yeye hana figo ya kupandikizwa ya kuilinda.

Hapa chini nimelinganisha insulini, metformini, gliklazaidi, gliptini na kundi la empagliflozini kwa vigezo vilevile. Kisha ipo njia ya sita ambayo si dawa ya sukari kabisa: kugusa dawa za kinga zenyewe, zile zinazouzuia mwili kuikataa figo. Sindano za GLP-1 (semaglutaidi na liraglutaidi) nazipitia haraka. Dozi yako ataipanga daktari wako. Ulinganisho huu ni wa kukufanya uingie kliniki ukijua la kuuliza.

## Sukari hii inatoka wapi

Lawama kubwa ni za hizo dawa za kinga. Prednisoloni huufanya mwili uwe mzito kuitikia insulini na hulisukuma ini kumwaga sukari kwenye damu. Takrolimusi (Prograf na wenzake) hulidhoofisha kongosho lenyewe, insulini inayotoka ikapungua. Siklosporini nayo hufanya hivyo, ila kwa kiasi kidogo zaidi. Juu ya hayo weka umri uliovuka miaka 40, unene, wazazi au ndugu wa damu wenye kisukari, homa ya ini ya C, upungufu wa magnesiamu unaoletwa na takrolimusi, na hamu ya kula iliyorudi baada ya miaka ya kukatazwa ndizi, maharage na hata maji. Tafiti hutofautiana, lakini nyingi huangukia kati ya watu 10 na 40 kwa kila 100 waliopandikizwa.

Siku za mwanzo baada ya upasuaji karibu kila mtu sukari humpanda, kwa kuwa dozi za prednisoloni ni kubwa. Ndiyo maana wataalamu waliokutana Vienna mwaka 2013 walikubaliana kwamba mgonjwa asiitwe mwenye kisukari mpaka awe ametulia, amerudi nyumbani, na dozi zake zimefika kiwango cha kudumu. Kwa vitendo hiyo ni kama siku 45 baada ya upasuaji. Sukari ya kabla ya hapo hutibiwa, lakini inaweza kuondoka.

Lipo jambo linalowapita wengi. Prednisoloni ikimezwa asubuhi, sukari hupanda kuanzia mchana hadi usiku, kisha hushuka kufikia alfajiri. Anayepima asubuhi tu kabla ya chai anaweza kuona 5.6 (namba zote za sukari hapa ni kwa mmol/L) akafurahi, huku saa kumi na moja jioni angeona 14. Pima pia kabla ya chakula cha usiku. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, hudanganya katika miezi ya mwanzo, maana damu bado inajijenga upya na huenda uliongezewa damu. Kwa mwenye selimundu kinaweza kudanganya wakati wote. Kinachoaminiwa zaidi ni kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa baada ya saa mbili: 11.1 au zaidi ni kisukari. Kwa sukari ya kabla ya kula chochote asubuhi, mpaka ni 7.0.

## Vigezo nilivyotumia

Figo ndiyo ya kwanza, na namba ya kuitazama ni eGFR, yaani kasi ya figo kuchuja damu. Omba uandikiwe kwenye daftari lako kila ukipima kreatinini, ile taka ya damu inayopanda figo ikizembea. Figo moja iliyopandikizwa mara nyingi huwa na eGFR ya kati ya 40 na 60 na ushee, hivyo dawa ambazo mwingine angezimeza bila kuwaza kwako zina mipaka.

Cha pili ni kama dawa inagombana na takrolimusi au siklosporini, au na dawa zinazoandamana nazo kama Septrin (antibiotiki) na flukonazoli (dawa ya fangasi). Cha tatu ni hatari ya sukari kushuka mno, chini ya 4.0. Cha nne ni uzito na maambukizi, kwa sababu kinga yako imeshushwa kwa makusudi. Cha tano ni mfuko: bei, kupatikana kwa dawa nje ya miji mikubwa, na kama inahitaji jokofu.

Nguvu ya kushusha sukari sikuipa kigezo chake. Hapa dawa yenye nguvu kuliko zote inaweza kuwa ndiyo isiyomfaa kabisa mtu fulani.

## Insulini

Kwa nguvu haina mpinzani, na ndiyo inayotumika wodini tangu siku ya upasuaji. Utafiti mdogo wa Vienna wa watu 50, uliochapishwa 2012, ulionyesha kwamba walioanzishiwa NPH (ile insulini yenye rangi ya maziwa) mapema, mara tu sukari ya jioni ilipoanza kupanda, waliopata kisukari ndani ya mwaka walikuwa wachache sana. Wazo lilikuwa kulipumzisha kongosho wakati linapigwa na dawa. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata haukutoa jibu safi namna hiyo, kwa hiyo si kila hospitali inafuata njia hiyo.

Figo. Hakuna eGFR inayoikataza. Lakini figo ndiyo husaidia kuiondoa insulini mwilini. Figo ikichoka, dozi ile ile ya jana inageuka kuwa kubwa.

Dawa za kinga. Haigombani na yoyote. Mtego upo kwenye prednisoloni: inapopunguzwa, tuseme kutoka miligramu 20 hadi 10, insulini nayo haina budi kupungua. Mtu akiendelea na yuniti zile zile, sukari humdondokea alfajiri akiwa usingizini. Kila daktari akikupunguzia prednisoloni, muulize hapo hapo: na insulini je? NPH ya asubuhi hupatana na prednisoloni ya asubuhi kwa sababu zote mbili hufikia kilele mchana. NPH ile ile ikichomwa usiku hufanya kazi saa ambazo sukari inashuka yenyewe.

Sukari kushuka. Hatari yake ni kubwa kuliko ya dawa nyingine zote hapa. Jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika: pima, na kama huna kipimo, tibu kwanza. Vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Juisi ya balungi iache, maana hupandisha takrolimusi kwenye damu.

Uzito na maambukizi. Uzito huongezeka kidogo. Maambukizi haiongezi, ilimradi sindano haichangiwi na haitumiki mpaka iwe butu.

Mfuko. Insulini ya kawaida, NPH na Mixtard (mchanganyiko wa hizo mbili) hupatikana katika hospitali nyingi za wilaya na mikoa. Kinachomaliza hela mara nyingi ni vijiti vya kupimia. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, isiguse barafu. Iliyofunguliwa huvumilia kama wiki 4 mahali pa baridi pasipofikiwa na jua. Kwenye nyumba isiyo na jokofu, chungu kimoja ndani ya kingine na mchanga mbichi katikati hufanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani.

Inamfaa aliyetoka wodini karibuni, mwenye sukari zinazopita 14 au 15 mara kwa mara, anayekonda bila sababu, anayetibiwa kwa dozi kubwa za prednisoloni kwa sababu figo ilitaka kukataliwa, na mjamzito. Humpa shida anayeishi peke yake na asiyeona vizuri, na dereva wa masafa asiye na ratiba ya kula.

## Metformini

Hii ndiyo ya shangazi, kwenye boksi huandikwa Glucophage, Glycomet na majina mengine. Huusaidia mwili kuitikia insulini, kwa hiyo inagusa lile tatizo la prednisoloni zaidi kuliko la takrolimusi.

Figo. Hapa ndipo penye mvutano wote. Metformini hutoka mwilini kwa njia ya figo bila kubadilika. Chini ya eGFR 30 haitumiki. Kati ya 30 na 45 haianzishwi, na aliyekuwa akiitumia kwa kawaida hupunguziwa isizidi gramu 1 kwa siku. Hofu ni asidi ya laktiki kujaa kwenye damu, jambo la nadra lakini la kuua. Wako madaktari wa figo wasiotaka kabisa kuisikia kwa mgonjwa aliyepandikizwa, na wako wanaoitoa bila wasiwasi kwa eGFR ya 60 iliyotulia. Wote wana hoja, maana figo iliyopandikizwa inaweza kuyumba ghafla.

Dawa za kinga. Haigombani nazo moja kwa moja. Inagombana na tumbo lako. Metformini huharisha, na mikofenoleti, dawa nyingine ya kinga unayomeza, nayo huharisha. Ukianza zote karibu karibu, hamtajua mwenye kosa ni nani. Zaidi ya hapo, kuharisha kwa siku kadhaa hupandisha takrolimusi kwenye damu, na takrolimusi ikizidi huumiza figo. Kwa hiyo tumbo likichafuka baada ya kuanza metformini, usilivumilie kimya kimya wiki nzima.

Sukari kushuka. Peke yake, ni nadra sana.

Uzito na maambukizi. Haiongezi uzito. Ukilazwa, ukitapika, au ukipelekwa CT ya kuchomwa dawa ya rangi, uliza kama uisimamishe kwanza.

Mfuko. Rahisi kuliko zote, na duka la dawa lolote linayo. Waliopandikizwa India waangalie jambo hili: vidonge vingi vya huko vina dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, metformini na glimepiridi kwa mfano. Soma mstari mdogo chini ya jina kubwa, usije ukameza dawa ambayo daktari wako hapa hajui kuwa unaitumia.

Inamfaa mwenye eGFR iliyotulia juu ya 45, bora zaidi ya 60, miezi kadhaa baada ya upasuaji, na mwenye mwili mnene. Haimfai ambaye kreatinini yake bado inapanda na kushuka.

## Gliklazaidi

Diamicron wengi wanaijua. Hulikamua kongosho litoe insulini zaidi.

Figo. Huvunjwa zaidi na ini, hivyo kati ya ndugu zake ndiyo inayovumilika figo ikiwa dhaifu. Ndugu yake glibenklamaidi, Daonil, ni jambo jingine: masalia yake hujikusanya figo ikidhoofika, na sukari inaweza kushuka na kukaa chini siku nzima au zaidi. Aliyepandikizwa figo akiandikiwa Daonil arudi akaulize.

Dawa za kinga. Na takrolimusi hakuna ugomvi wa maana. Ugomvi uko pembeni. Septrin, ambayo wengi hupewa kwa miezi baada ya upasuaji ili kuzuia nimonia, inaweza kuzidisha nguvu ya gliklazaidi, hasa figo ikiwa dhaifu. Flukonazoli ya kutibu fangasi huizidisha pia, na wakati huo huo hupandisha takrolimusi. Mgonjwa mmoja, karatasi moja ya dawa, mitego miwili.

Sukari kushuka. Inatokea, hasa ukimeza kisha ukachelewa kula. Sheria ni fupi: huli, humezi.

Uzito na maambukizi. Uzito hupanda kidogo. Maambukizi, hapana.

Mfuko. Nafuu, na hupatikana kirahisi.

Inamfaa mwenye bajeti ndogo, mwenye milo ya saa zinazojulikana, ambaye sukari yake hupanda mchana. Mashaka yangu ni kwenye muda mrefu: kulikamua kongosho ambalo takrolimusi inalidhoofisha kila siku kuna mwisho wake, na wengi huishia kuhitaji kuongezewa kitu kingine.

## Gliptini

Linagliptini (Trajenta), sitagliptini (Januvia), vildagliptini (Galvus). Hulisaidia kongosho kutoa insulini wakati chakula kimeingia, na kutulia kisipoingia. Kati ya vidonge, ndizo zenye utulivu mkubwa kwa mgonjwa wa figo iliyopandikizwa. Tafiti ndogo za Vienna na Oslo, za vildagliptini na sitagliptini, hazikuona figo ikiumia.

Figo. Linagliptini haihitaji kupunguzwa dozi kwa eGFR yoyote: miligramu 5 kwa siku, basi. Sitagliptini na vildagliptini hupunguzwa figo ikishuka.

Dawa za kinga. Hakuna shida kubwa. Ila rifampisini ya kifua kikuu hupunguza sana nguvu ya linagliptini, na huiangusha takrolimusi kwa kiwango cha kuihatarisha figo.

Sukari kushuka. Nadra zikiwa peke yake.

Uzito na maambukizi. Uzito haubadiliki. Kongosho kuvimba hutokea kwa nadra; maumivu makali ya tumbo la juu yanayochoma hadi mgongoni yapeleke hospitali.

Mfuko. Ghali kuliko metformini na gliklazaidi, na kwenye duka la wilayani unaweza kuambiwa iletwe kutoka mjini. Nguvu yake ni ya wastani. Sukari ya 16 haitashushwa na gliptini peke yake.

Inamfaa mwenye sukari iliyopanda kiasi, eGFR iliyo chini au isiyotulia, na anayeogopa sukari kushuka: mzee, dereva, anayeishi peke yake.

## Empagliflozini na dapagliflozini

Jardiance na Forxiga ndizo zinazozungumzwa zaidi siku hizi, na zinastahili maneno mengi kidogo kwa sababu matumaini na hatari vimekaa pamoja.

Hufanya figo imwage sukari kwenye mkojo. Kwa wagonjwa wa figo ambao hawajapandikizwa, zimethibitika kuchelewesha figo kufa na kupunguza kulazwa kwa moyo kushindwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza empagliflozini kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Lakini tafiti kubwa mbili zilizoleta sifa hiyo ya figo, DAPA-CKD na EMPA-KIDNEY, hazikuwapokea waliopandikizwa. Ushahidi wao wenyewe ni mdogo zaidi. Huko Oslo, utafiti uliochapishwa 2019 uliwapa watu wachache wasiofika 50 empagliflozini au kidonge kisicho na dawa kwa wiki 24, wote wakiwa wamepita mwaka mmoja tangu upandikizaji. HbA1c ilishuka kwa kiasi kidogo tu, uzito ukapungua kama kilo 2.5, na figo haikudhurika.

Figo. Nguvu ya kushusha sukari huisha kadiri eGFR inavyoshuka. Chini ya 45 ni kidogo sana. Mwanzoni eGFR hudondoka kidogo kisha hutulia. Kwa aliyepandikizwa huo mdondoko unatia kiwewe, kwani hata kukataliwa kwa figo huanza kwa kreatinini kupanda. Dawa hii ianzishwe na mtu atakayeweza kukupima tena baada ya wiki chache.

Dawa za kinga. Haziguswi moja kwa moja.

Sukari kushuka. Nadra, isipokuwa zikichanganywa na insulini au gliklazaidi.

Uzito na maambukizi. Uzito hupungua, na shinikizo la damu hushuka kidogo. Bei ya hayo ni fangasi sehemu za siri, kwa wanawake hasa, maana mkojo una sukari. Flukonazoli itakayotolewa kuwatibu itapandisha takrolimusi, kwa hiyo usijinunulie dukani bila kuwajulisha kliniki. Aliyewahi kuugua UTI mara kwa mara tangu upandikizaji, au mwenye mpira wa mkojo, kwa kawaida hapewi. Hatari nyingine ni asidi ya ketoni kujaa kwenye damu huku kipimo cha sukari kikionyesha 9 tu. Ukitapika, ukishindwa kula, au ukipangiwa upasuaji, dawa husimamishwa. Kwa upasuaji ni siku 3 au zaidi kabla.

Mfuko. Ghali, ingawa aina zisizo za kampuni mama zinaongezeka.

Inamfaa aliyetulia kwa mwaka mmoja hivi, mnene, mwenye eGFR ya juu ya 45 au mwenye moyo uliodhoofika, na asiye na historia ya UTI. Miezi ya mwanzo si wakati wake.

## GLP-1, kwa kifupi

Semaglutaidi na liraglutaidi hushusha sukari vizuri, hupunguza uzito sana, na hazina mpaka mkali wa figo. Tatizo ni kichefuchefu na kutapika: anayetapika anaweza kuzitapika dawa za kinga na kuikausha figo kwa wakati mmoja. Huchelewesha pia chakula kutoka tumboni, hivyo kiwango cha takrolimusi hufuatiliwa zinapoanzishwa. Bei inawafungia nje wengi wetu. Mwenye kilo nyingi na bima inayolipa anaweza kuziuliza.

## Kugusa dawa za kinga zenyewe

Swali hili huulizwa na kila mgonjwa: kama takrolimusi ndiyo inayoleta kisukari, kwa nini isiondolewe? Wakati mwingine inawezekana. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa 2018 uliwahamisha baadhi ya wagonjwa wa kisukari hiki kutoka takrolimusi kwenda siklosporini. Baada ya mwaka, kama theluthi moja ya waliohamishwa hawakuwa tena na kisukari, na kwa waliobaki na takrolimusi ilikuwa kama mmoja kati ya kumi.

Figo. Hiki ndicho kiini. Takrolimusi huzuia kukataliwa kwa figo vizuri kuliko siklosporini. Kubadilisha ni kamari yenye hesabu, na hesabu hiyo hutegemea kama figo iliwahi kukataliwa na ilitoka kwa nani. Figo ya ndugu aliyefanana nawe sana kwa vipimo vya kinga inakupa nafasi zaidi ya kucheza na dozi.

Dawa za kinga. Ndiyo mabadiliko yenyewe: kupimwa kiwango cha dawa mara kwa mara, kreatinini kila wiki mwanzoni. Upo pia upande wa prednisoloni. Kuishusha hadi miligramu 5 kwa siku husaidia sukari, na hospitali nyingi hufika hapo zenyewe. Kuiacha kabisa ni uamuzi mwingine, na kuiacha ghafla nyumbani kunaweza kukulaza kitandani kwa tezi za adreni kushindwa kazi, hata kabla figo haijakataliwa.

Sukari kushuka. Kama bado unatumia insulini au gliklazaidi, ndiyo, kwani hitaji la mwili linapungua.

Uzito na maambukizi. Siklosporini hupandisha shinikizo la damu na lehemu, huota nywele usoni, huvimbisha fizi. Msichana wa miaka 22 na mzee wa miaka 60 hawatalipima hilo kwa mzani mmoja.

Mfuko. Safari za vipimo ndizo gharama kubwa, hasa kwa anayetoka mkoani kwenda Muhimbili au Benjamin Mkapa Dodoma.

Inamfaa mwenye kisukari kilichogoma kutulia kwa dawa mbili tatu, ambaye figo yake haijawahi kukataliwa. Haimfai mtu wa mwezi wa tatu anayetaka tu kukwepa sindano.

## Kwa hali yako

Ndiyo kwanza umetoka wodini na prednisoloni bado iko juu: insulini, na upunguziwe kila prednisoloni inapopungua. Vidonge vinaweza kusubiri. Wengi huachana na sindano ndani ya miezi michache.

Umetulia, eGFR ni 65, mwili ni mnene, mfuko ni mdogo: anza mazungumzo na metformini. Baada ya mwaka, kama UTI hazikusumbui na bima inaruhusu, uliza kuhusu empagliflozini.

eGFR ni 35: metformini iache ipite. Chaguo limebaki kati ya linagliptini, gliklazaidi ya dozi ndogo na insulini. Unaishi peke yako au unaendesha gari kwa kazi? Linagliptini ina utulivu. Fedha hakuna? Gliklazaidi, na usikose mlo. Sukari inapita 15? Insulini.

Una kifua kikuu na umeanzishiwa rifampisini: mambo yote ya juu yanasimama kwanza. Takrolimusi itashuka, huenda wakakubadilishia rifampisini iwe rifabutini, na linagliptini au gliklazaidi zitafanya kazi pungufu. Insulini ndiyo isiyoyumbishwa na haya. Kliniki ya TB na kliniki ya figo wazungumze wao kwa wao. Wasikufanye wewe tarishi.

Unataka mtoto: gliptini, empagliflozini na GLP-1 huachwa, insulini hubaki, na metformini inaweza kubaki kwa idhini ya daktari. Kubwa zaidi ni mikofenoleti, ambayo hudhuru mimba na huondolewa angalau wiki 6 kabla ya kujaribu. Panga mapema, maana uzazi unaweza kurudi ndani ya miezi michache tu baada ya figo mpya.

Unataka kufunga Ramadhani: mwaka wa kwanza madaktari wengi watakukataza, na ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye dini yenyewe. Baada ya hapo, nenda kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama. NPH ya asubuhi bila chakula cha mchana haiwezekani, gliklazaidi huhamishiwa futari, gliptini haina usumbufu, na empagliflozini pamoja na kiu ya Mombasa au Dar es Salaam ni mchanganyiko wa kuuogopa. Takrolimusi ya mara mbili kwa siku inataka saa 12 katikati, kwa hiyo uliza kama kuna ya mara moja kwa siku. Pima sukari mchana. Kujichoma kidole hakufunguzi. Ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, funga inafunguliwa saa hiyo hiyo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika kumi.